Mtoto ni Amana ya Nani?

Mlezi wa mtoto ni mzazi au serikali? Wamarekani wamegawanyika juu ya swali hili.

Mwaka 2023 shule za serikali za Montgomery, jimbo la Maryland, zilifuta ruhusa ya wazazi kuwatoa watoto darasani zinaposomwa hadithi zenye ndoa za jinsia moja. Wazazi Waislamu na Wakristo walishtaki pamoja. Tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliagiza wazazi waarifiwe mapema na waruhusiwe kuwatoa watoto wakati kesi ikiendelea. Vitabu havikupigwa marufuku.

Basi tukumbuke: mahakama humtoa mtoto darasani tu. Kumfundisha mema ni kazi yetu nyumbani, na tutaulizwa mbele ya Allah (S.W.).