Mali kauli ndiyo benki ya wachuuzi wa mitumbwi Mtwara

Na Mwandishi Wetu, aliyekuwa Mtwara

MSOMAJI wa ukurasa huu amezoea kupewa bei za magunia, matenga na madebe kutoka masoko makubwa ya mijini. Wiki hii tunamwomba atufuate hadi kona ya kusini kabisa ya pwani yetu, Mtwara na maingilio ya Mto Ruvuma. Huko vitu vingi vya jikoni bado hufika sokoni kwa mtumbwi, ngalawa na mashua, na fedha taslimu si jambo la kwanza kuulizwa mtu anapotaka kununua.

Hilo nililijua siku ya kwanza tu. Nilikuwa ufukweni, upande wa mjini, mahali vyombo vya Msangamkuu vinapopakia na kushusha. Msangamkuu ni ile rasi ya mchanga na minazi inayotazamana na mji, ng'ambo ya mlango wa bandari. Watu wake huvuka asubuhi na nazi, mihogo, pweza na samaki, na jioni hurudi na unga, sukari, sabuni na mafuta ya kupikia.

Mama mmoja wa makamo alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mashua, bidhaa zake ametandaza juu ya turubai. Nilichagua nazi mbili na fungu moja la ng'onda, nikatoa noti ya Sh. 10,000. Hakuwa na chenji, na simu yake ilikuwa imezimika kwa kukosa chaji.

"Chukua tu, mjomba. Utanipa kesho," alisema.

"Na nisiporudi, mama?"

"Usiporudi utakuwa umenunua mara moja. Mimi nipo hapa kila siku."

Wenzake wakacheka. Mmoja akanikatia kipande cha muhogo wa kuchoma na kuniuliza habari za nilikotoka. Jina langu hakuna aliyeliuliza.

Mgeni anaweza kusema huo ni ukarimu wa watu wa kusini, yakaishia hapo. Ukarimu upo, lakini baada ya kukaa nao siku kadhaa niligundua kuwa lile jibu la yule mama lilikuwa pia ni hesabu. Biashara yote ya vyombo vidogo katika pwani hii inasimama juu yake.

MAJI NDIYO YANAYOPANGA BEI

Mtwara ina bandari ya asili yenye kina kirefu. Waingereza waliijenga ili kusafirisha mazao ya ule mradi mkubwa wa karanga ulioanza baada ya Vita Kuu ya Pili. Mradi ulikufa mwaka 1951 bila kutoa karanga za maana, na reli iliyojengwa kwenda Nachingwea ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye likaja zao la korosho, kisha gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982 na kuanza kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam mwaka 2015. Miradi imekuja na mingine imekwenda, lakini samaki wa kitoweo wameendelea kuletwa na vyombo vidogo.

Vyombo hivyo havina ratiba ya saa ya ukutani. Vinafuata maji. Kila siku maji hujaa na kupwa kwa kuchelewa takriban dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Mnunuzi aliyepata samaki wengi saa moja asubuhi Jumatatu, akirudi saa ile ile Ijumaa, huenda akakuta vyombo vimekaa juu ya mchanga na bei imepanda.

Kwa ufupi, wachuuzi wenyewe wanausoma mwezi hivi:

Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali na miamba huwa wazi. Hapo akina mama huingia kuokota chaza na kuchokoa pweza, na bidhaa hizo hushuka bei.

Wakati wa maji mafu miamba haifunguki vizuri. Pweza huadimika, na aliyekausha wake mapema ndiye anayecheka.

Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa hutoka na taa. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavutiki na taa, na wengi hupumzika wakishona nyavu.

Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, kuanzia kati ya mwaka, vyombo vidogo havithubutu kwenda mbali. Kaskazi ikiingia kuelekea mwisho wa mwaka, bahari hutulia zaidi.

Juu ya hayo yote kuna msimu wa korosho. Mkulima akilipwa, samaki wanatoka. Asipolipwa, hata samaki bora hulala. Mwezi Novemba 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa Sh. 3,300 kwa kilo, bei ilikuwa nzuri, lakini malipo ya wakulima wengi yalichelewa. Wachuuzi wanaukumbuka msimu ule. Wateja walikuwepo na njaa ilikuwepo, ila fedha ndiyo iliyokuwa njiani.

TENGA MOJA, WATU WATATU

Katika hali hiyo ya bei kupanda na kushuka ndipo mali kauli inapofanya kazi. Mvuvi anapofika ufukweni anahitaji mafuta ya injini au chakula cha mabaharia wake. Mchuuzi hana mtaji wa kulipa tenga zima. Mama lishe wa mjini anataka samaki sasa hivi, lakini fedha ataipata wateja wake wakishakula mchana.

Chukua mfano huu, ambao ni wa hesabu tu na si bei ya siku. Tenga limekubaliwa kwa Sh. 60,000. Mchuuzi anatoa Sh. 20,000 mkononi, zilizobaki ni kauli. Anagawa samaki kwa mama lishe watano, nao wanatoa kidogo kidogo. Jioni mama lishe wanamlipa mchuuzi, na maji yajayo mchuuzi anammalizia mvuvi. Hakuna karatasi, hakuna dhamana na hakuna riba inayotajwa.

Riba haitajwi, lakini gharama ipo. Mvuvi aliyekuamini siku ya uhaba anategemea nawe umchukulie samaki siku wamejaa na bei imeanguka, hata kama jirani anauza rahisi zaidi. Ukimkimbia siku hiyo, siku ya kusi hutapata hata mkia. Nahodha mmoja kijana aliniambia kuwa hawezi kumkumbuka kila anayemdai au kudaiwa naye, ila anamkumbuka vizuri kila aliyewahi kumkwepa.

Ndiyo maana walanguzi wanaokuja na fedha nyingi siku mbili tatu za neema na kutoweka, mara nyingi hushangaa kuona wanauziwa samaki wa pembeni. Fedha wanayo, ila kauli bado hawana.

KILAMBO, MAHALI MTO UNAPOKUWA BARABARA

Siku ya tatu nilikwenda Kilambo, kilometa zipatazo 40 kutoka mjini, ambako watu huvuka Ruvuma kwenda Msumbiji. Huku chini mto ni mpana, una mafungu ya mchanga yanayohamahama, una mamba na viboko. Kwa miaka kadhaa palikuwa na pantoni ya kuvusha magari, nayo ilisubiri maji ya bahari yaujaze mto ndipo ivuke. Mtumbwi hausubiri sana. Mpiga kasia anayejua mkondo hupita penye kina cha magoti.

Mpaka huu ulichorwa juu ya watu waliokwishakuwa ndugu. Wamakonde wako pande zote mbili. Eneo la Kionga, kusini mwa mlango wa mto, lilikuwa chini ya Wajerumani pamoja na Tanganyika hadi Wareno walipolichukua mwaka 1916. Kwa hiyo muuzaji wa ng'ambo hapa si mgeni. Mara nyingi ni shemeji, binamu, au mtoto wa aliyefanya biashara na mama yako.

Wapo wanaosema madaraja na lami vitaimaliza biashara ya mitumbwi. Mfano wao upo Vietnam, nchi ambayo ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa korosho ghafi zetu. Karibu na mji wa Cần Thơ, kwenye mto, kuna soko la Cái Răng ambapo wachuuzi huuza matunda na mboga wakiwa ndani ya mashua, wakining'iniza mfano wa bidhaa juu ya mti mrefu ili mnunuzi aone kwa mbali. Barabara zilipokuwa nzuri, mizigo mingi ikahamia kwenye malori na mashua zikapungua.

Kwetu haikuwa hivyo. Daraja la Umoja, lenye urefu wa meta 720, lilifunguliwa Mtambaswala mwaka 2010, lakini liko mbali sana juu ya mto. Linafaa kwa lori la mizigo. Mama mwenye magunia mawili hawezi kuzunguka huko. Kilichoipunguza biashara ya hapa chini ni hofu.

Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto, kilishambuliwa na watu wenye silaha waliotoka ng'ambo. Machi 2021 ukashambuliwa mji wa Palma, upande wa Msumbiji, na maelfu ya watu wakakimbia. Mwezi uliofuata mradi mkubwa wa gesi uliokuwa ukijengwa karibu na hapo ukasimamishwa. Magazeti yaliandika sana habari za gesi. Habari za wachuuzi wa mtoni hazikuandikwa.

FEDHA YA KWENYE KOPO

Pale Kilambo nilimkuta bibi mmoja anayeuza samaki wakavu na vitenge. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanipisha kivulini. Tulizungumza juu ya bei mpaka nikamwuliza kama bado anachukua mali kauli kutoka ng'ambo.

Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza. Katikati ya Machi 2021, wakati wa bamvua la mwezi mwandamo, mama mmoja wa upande wa Palma alimletea magunia mawili ya samaki wakavu kwa kauli. Waliagana kuwa atakuja kuchukua fedha yake bamvua lijalo, mwisho wa mwezi. Kabla siku hizo hazijatimia, Palma ikashambuliwa. Yule mama hajaonekana tena, na simu yake haipatikani.

Samaki waliuzwa wote. Fedha ya mwenzake ameiweka kwenye kopo la maziwa ya unga, nyumbani.

"Haujapata shida ukaitumia, bibi?"

"Shida nimepata, mwanangu. Mara mbili mtaji umeniishia. Kijana wangu akaniambia, mama, si hiyo fedha imelala? Nikamwambia hiyo ina mwenyewe. Nikaenda kukopa kwenye kikundi."

Nikamkumbusha, kwa lugha ya watu wa uchumi, kuwa fedha ikikaa kwenye kopo inapungua nguvu. Alisema hilo analijua kuliko mimi, maana ndiye anayenunua samaki. Akaongeza kuwa mwenyewe akija watakaa chini wahesabu upya, wagawane hasara.

"Na asipokuja?"

"Ana watoto. Mmoja namjua kwa sura."

Sikuwa na swali jingine. Kijana mmoja wa mtumbwi aliyekuwa akisikiliza ndiye aliyenifafanulia kwa nini bibi yule, pamoja na biashara kuwa ngumu, hakosi mali. Alisema kila mtu pale anajua habari za lile kopo. Wavuvi wa upande huu wanampa samaki bila kuuliza, na wachache wanaothubutu kuvuka kutoka ng'ambo wanamtafuta yeye kwanza.

USHAURI KWA MNUNUZI

Kwa wasomaji wetu wanaofikiria kununua samaki, pweza au ng'onda kutoka pwani hii, yapo mambo machache ya kuzingatia.

Kwanza, uliza mwezi kabla ya kuuliza bei. Bei ya bamvua na bei ya maji mafu ni bei za masoko mawili tofauti.

Pili, fika na barafu yako na chenji yako. Vyote viwili ni adimu ufukweni.

Tatu, kumbuka kuwa sehemu kubwa ya maji kuanzia Msimbati hadi mlango wa Ruvuma ni Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ulizia masharti ya ukubwa wa samaki na aina ya nyavu kabla hujalipia mzigo, ili usije ukaupoteza njiani.

Nne, na kubwa zaidi, rudi. Nunua hata siku bei si nzuri kwako. Ukishaonekana mara tatu au nne, utaanza kuitwa kwa jina na utaambiwa ukweli juu ya samaki wa jana.

Kwa wenye mamlaka tuna neno moja. Ulinzi wa mpaka ni wa lazima, na hakuna mchuuzi niliyezungumza naye aliyesema vinginevyo. Lakini utaratibu wa kuvuka unaoeleweka, wenye siku na saa zinazofuata maji, ungewasaidia wachuuzi halali kujulikana na kutofautishwa na wengine. Mtaji wao hauko benki. Uko katika kujuana, na watu wasipoonana kwa muda mrefu mtaji huo huisha.

Ama yule mama wa nazi na ng'onda, nilirudi kesho yake kumlipa. Sikumkuta, kwa sababu maji yalikuwa yamesogea na mimi nilifika kwa saa ya jana. Nikamsubiri hadi mashua yake ilipogusa mchanga. Alipokea fedha bila kuihesabu, akaniuliza leo nachukua nini.