Maji ya kuoga Bunia: makala, umeme, gesi au jua?

Mji wa Bunia, uliozungukwa na teritori ya Irumu, uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri zake ni za baridi, na mvua ikinyesha jioni baridi hiyo huingia hadi ndani ya nyumba. Ndiyo maana karibu kila ua una sufuria ya maji ya kuoga juu ya moto: kwa mtoto anayekwenda shule, kwa mzee, kwa mgonjwa, kwa mama aliyejifungua. Gharama ya maji hayo ni kubwa kuliko wengi tunavyodhani, kwa sababu imejificha ndani ya gunia lile lile la makala ya kupikia. Tuitoe humo, tuihesabu peke yake, ndipo tuamue kama inafaa kubadilisha njia.

Kipimo kimoja kwa wote

Bei za Bunia hazitulii. Barabara ya Komanda au ya Mahagi ikiwa na hatari, gunia hupanda. Franka ikishuka mbele ya dola, mtungi wa gesi hupanda. Kwa hiyo hapa tunapima kwa kilo na kwa kilowati-saa, vipimo visivyobadilika. Wewe utazidisha kwa bei ya soko la wiki hii.

Tuchukue familia ya watu sita, kila mtu akioga mara moja kwa siku kwa ndoo ya lita 20. Maji yanatoka bombani au kisimani yakiwa na digrii 20 hivi, na tunayataka yafike digrii 40. Kazi hiyo inahitaji karibu kilowati-saa 2.8 za joto kwa siku, yaani 84 kwa mwezi. Joto hilo halipungui kwa kubadilisha chombo. Kinachobadilika ni kiasi cha moto kinachopotea njiani, na tofauti zote za gharama hutoka hapo. Kwa mwezi mmoja, familia hiyo itatumia takribani:

– Kuni kwenye mafiga matatu: kilo 150 na zaidi.
– Makala kwenye mbabula ya kawaida: kilo 70.
– Makala kwenye mbabula iliyoboreshwa: kilo 35.
– Gesi ya mtungi: kilo 13.
– Rezistansi ya umeme ndani ya ndoo: kilowati-saa 85 hadi 90.
– Tangi la umeme la kuhifadhi maji ya moto: kilowati-saa 115 na zaidi.
– Hita ya jua: sifuri siku za jua, na nyongeza ya moto siku za mawingu.

Ni makadirio, na nyumba yako inaweza kwenda juu au chini kidogo. Lakini mpangilio wake hautageuka.

Makala: rahisi kununua, ghali kutumia

Mbabula ya bati tuliyoizoea hupeleka ndani ya sufuria sehemu moja tu kati ya sita au saba za joto la makala. Zilizobaki hupotea hewani na kwenye bati lenyewe. Mbabula iliyoboreshwa, yenye ukuta wa udongo uliochomwa ndani ya bati, hupeleka mara mbili ya hapo ikiwa imetengenezwa vizuri. Kwa hesabu iliyo hapo juu, hizo ni kilo 35 za makala zinazookolewa kila mwezi kwa maji ya kuoga peke yake, kabla hujahesabu maharage na ugali. Katika orodha yote hakuna badiliko linalorudisha pesa yake haraka kama hili.

Kuna gharama nyingine isiyolipwa sokoni. Kwenye tanuru la udongo, kilo moja ya makala hula kilo 5 hadi 10 za kuni. Kilo 70 za mwezi ni kati ya kilo 350 na 700 za miti, kwa familia moja, kwa kuoga tu. Mikaratusi inayozunguka mji haitoshi kubeba mzigo huo, na magunia huendelea kutoka mbali zaidi. Goma ilikutana na tatizo hilo hilo kando ya hifadhi ya Virunga, na kuanzia 2007 mradi wa EcoMakala uliwasaidia wakulima kupanda miti ya kuchoma makala kwenye mashamba yao wenyewe, pamoja na kueneza mbabula bora. Mkoa wetu wa Ituri una wakulima na una udongo. Njia hiyo iko wazi kwetu pia.

Na neno moja la uhai: usiingize mbabula yenye moto katika chumba kilichofungwa, hata usiku wa baridi kali. Gesi ya makala yanayoungua haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Umeme: mzuri ukiwepo

Kwa miaka mingi umeme wa Bunia umetegemea kituo cha Budana kwenye mto Shari, kilichojengwa wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Nyumba nyingi hazijaunganishwa, na zilizounganishwa zinajua kukatika kwake. Hali hiyo ndiyo inayotawala uchaguzi.

Rezistansi ya kutumbukiza ndani ya ndoo ina bei ndogo na karibu haipotezi joto, kwa hiyo inafaa kwa aliye na mita na anayelipa kwa kilowati-saa. Hatari yake ni kubwa: usiguse maji ikiwa imechomekwa, usiiweke watoto walipo, na usinunue yenye waya mwembamba. Kwa umeme, rahisi hugeuka msiba.

Tangi la umeme hupoteza kilowati-saa moja au zaidi kila siku hata kama hakuna aliyeoga, kwa kuwa maji hupoa na kupashwa tena. Bafu la umeme la papo hapo, lile linalofungwa kichwani mwa bomba, huvuta kilowati 4 hadi 5 kwa mara moja. Nyaya za nyumba nyingi haziwezi, na volti ikiwa chini maji hutoka ya uvuguvugu. Pampu ya joto, inayosifiwa sana Ulaya, hutumia theluthi moja tu ya umeme wa tangi, ila inataka umeme usiokatika na fundi wa mitambo ya baridi. Kwa Bunia ya leo, hiyo ni ya hoteli au hospitali yenye umeme wake wa uhakika.

Wengine huuliza: nina paneli na betri za taa, je, zitapasha maji? Zitashindwa. Paneli hugeuza chini ya robo ya jua kuwa umeme, na betri ya taa itaisha kabla ndoo ya pili haijapata moto. Umeme huo uache kwa taa, simu na redio.

Gesi: safi, lakini ipimwe

Kilo 13 kwa mwezi ni kama mtungi mmoja wa kawaida wa nyumbani, kwa kuoga peke yake. Gesi haina moshi, inawaka mara moja, na inamfaa anayetoka alfajiri. Lakini haizalishwi hapa. Kila mtungi hufika kwa barabara. Kabla ya kununua, hakikisha duka linajaza upya mtungi wa aina uliyochukua, na upime uzito wake dukani, ukiwa tupu na ukiwa umejaa. Kwa wengi gesi itafaa zaidi kwa kupikia, na maji ya kuoga yakatafutiwa njia nyingine.

Jua: bei kubwa mwanzoni, ndogo baadaye

Bunia iko karibu na ikweta, na meta moja ya mraba ya paa hupokea wastani wa karibu kilowati-saa 5 za jua kwa siku. Hita yenye kikusanya joto cha meta mbili za mraba, ikinasa nusu tu ya jua hilo, hutoa kilowati-saa 5: inazidi mahitaji ya familia yetu ya watu sita. Haina pampu wala umeme. Maji yakipata joto huwa mepesi, hupanda yenyewe hadi kwenye tangi lililo juu, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi.

Hesabu ya kurudisha pesa yake ni fupi. Tuseme, kwa mfano tu, hita pamoja na ufundi ni dola 600, na makala ya kuoga hukugharimu dola 20 kwa mwezi. Siku za mawingu utawasha moto bado, kwa hiyo hesabu kuokoa dola 15. Gawa 600 kwa 15: miezi 40. Hita iliyotunzwa hudumu miaka 10 na zaidi, hivyo miaka inayobaki ni faida. Weka bei zako mwenyewe kwenye hesabu hiyo.

Haifai kila mahali. Inataka maji yanayofika juu kuliko tangi lake. Nyumba isiyo na bomba wala pipa lililoinuliwa ianze na hilo. Lita 150 za maji zina uzito wa kilo 150, na paa la miti na mabati lisiloimarishwa halitabeba; afadhali stendi ya chuma uani. Hita zenye mirija ya kioo hazitaki maji baridi yaingizwe zikiwa kavu chini ya jua la mchana, kwani kioo hupasuka; zijazwe asubuhi na mapema. Muulize muuzaji kama ana mirija ya akiba, tangi la ndani ni la chuma gani, na nani atakuja likivuja. Kama hana jibu, nenda kwa mwingine.

Bila kununua chochote

Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba joto zaidi ya lile linalohitajiwa na ndoo nzima ya kuoga mtu mmoja. Kwa hiyo funika sufuria, na usisubiri maji ya kuoga yachemke. Pia bidoni la lita 20 lililopakwa rangi nyeusi, likilazwa juani tangu asubuhi chini ya plastiki angavu, linaweza kuongeza digrii 10 kufikia saa tisa alasiri. Hiyo ni nusu ya kazi ya moto. Yawe ya kuoga tu, si ya kunywa.

Nani achague nini

Mpangaji, na familia iliyokimbia vita ikaja mjini, wachague kinachobebeka: mbabula iliyoboreshwa, mfuniko na bidoni jeusi. Hakuna sababu ya kumfungia mwenye nyumba hita juu ya paa lake kwa pesa yako, labda mkubaliane kwa maandishi kwamba ikatwe kwenye kodi au irudishwe pamoja na garanti.

Aliye na umeme wa mita na watu wachache nyumbani atumie rezistansi nzuri, mbabula ikiwa akiba. Mwenye nyumba yake, mwenye maji ya kuaminika na watu watano au zaidi, anunue hita ya jua. Ndiye atakayepata faida kubwa kuliko wote. Na anayejenga sasa, Mudzi-Pela, Nyakasanza au kwingine, alaze bomba la maji ya moto ukutani kabla ya kupiga plasta, hata kama hita atainunua miaka mitatu ijayo. Kubomoa ukuta baadaye kutamgharimu zaidi ya bomba lenyewe.

Wote waanze kwa kazi moja: wiki hii, tenga makala ya kuoga kwenye mfuko wake na uyapime kabla ya kuyawasha. Zidisha kilo za siku saba kwa nne, kisha kwa bei ya kilo. Ukiwa na namba hiyo mkononi, muuzaji yeyote wa mbabula, gesi au hita atazungumza na mtu anayejua anachonunua.