Sahani Iliyotengwa: Mgonjwa Arudipo Nyumbani Baada ya Kukatwa Utumbo

Swali lilitufikia baada ya darsa ya akina mama, limeandikwa kwa kalamu ya risasi juu ya kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Mwenye kuuliza asema alipasuliwa tumbo kwa maradhi ya Crohn, akaondolewa kipande cha utumbo, na sasa choo chake chatoka kwenye tundu lililofanywa tumboni, upande wa kulia, na kuingia katika mfuko uliogandishwa juu ya ngozi. Tangu alipotoka hospitali hajaswali. "Mimi ni najisi saa zote," aandika, "na nyumbani nimetengewa sahani na kikombe."

Yeye tumemjibu kwa njia yake. Hapa twataka kusema na watu wa nyumba ile, na wa nyumba nyingine zilizo mfano wake, ambazo hazijulikani kwa kuwa maradhi ya tumbo na choo ni maradhi yanayofichwa.

Tuanze na sahani. Maradhi haya hayaambukizi. Hayapiti kwa mate, wala kwa kikombe, wala kwa kulala kitanda kimoja. Jina lake latokana na Burrill Crohn, tabibu wa New York ambaye mwaka 1932, pamoja na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, aliyaeleza katika jarida la madaktari wa Marekani. Kabla yao, mwaka 1913, daktari mpasuaji wa Uskochi aitwaye Kennedy Dalziel alikwisha kuwaeleza wagonjwa wa namna hiyo. Asili yake ni kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe: ukuta wa njia ya chakula huvimba na kufanya vidonda, mara nyingi pale mwisho wa utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, ingawa yaweza kutokea popote tangu kinywani hadi njia ya haja. Mgonjwa huharisha kwa miezi, huumwa na tumbo baada ya kula, hukonda, hupungukiwa na damu.

Kwetu pwani mtu wa namna hii huambiwa ana chango, au amepigwa jicho, akazungushwa hapa na pale hadi mifupa ikaonekana. Sisi hatukanushi jicho, na kisomo ni kheri kwa kila mgonjwa. Lakini kisomo hakikumzuia yeyote kwenda kupimwa. Tena hata hospitalini kazi si nyepesi, kwa kuwa kifua kikuu cha utumbo hukaa pahala pale pale na hufanana nayo hata daktari akitazama kwa kamera. Familia isimlaumu tabibu anayetaka vipimo zaidi kabla ya kutoa jina la maradhi.

Upasuaji huja pale utumbo unapokuwa mwembamba hata chakula hakipiti, au jipu linapofanyika ndani, au utumbo unapotoboa njia kwenda kwenye kiungo kingine. Mara nyingi daktari hukata kipande kilichoharibika na kuziunga ncha mbili, mgonjwa akarudi nyumbani na mshono tu. Wengine hufanyiwa tundu, ama la muda ili maungio yapone kisha lifungwe baada ya miezi, ama la kudumu. Dwight Eisenhower alipasuliwa kwa maradhi haya mwezi Juni 1956 akiwa Rais wa Marekani, naye mwaka wa nyuma yake alikuwa amepata mshtuko wa moyo. Mwezi Novemba mwaka ule ule alichaguliwa tena, akaishi hadi 1969. Twamtaja kwa ajili ya wale wanaokuja kumzuru mgonjwa na kuanza kuhesabu waliokufa kwa tumbo.

Hata hivyo, upasuaji hauling'oi gonjwa lenyewe. Huondoa kipande kibovu, na maradhi yaweza kurudi, aghalabu karibu na pale palipoungwa. Kwa hiyo mgonjwa aliyepona mshono bado ana miadi na dawa, na asiziache kwa sababu ya kujiona mzima. Akiwa anatumia steroidi, kuzikata ghafla ni hatari kwa mwili uliozizoea. Uvutaji wa sigara huyachochea maradhi haya na kuyarudisha mapema baada ya upasuaji. Mwenye kuvuta aache, na kijana wa nyumba anayevuta akatafute pahala mbali na chumba cha mgonjwa, bali mbali na nyumba.

Majuma ya mwanzo ni ya kwenda polepole. Mgonjwa atembee kidogo kila siku ukumbini, kwani kulala tu huigandisha damu miguuni. Asinyanyue ndoo ya maji, wala mtoto, wala sufuria ya pilau ya wageni, kwa muda wa wiki 6 au zaidi kwa kauli ya daktari wake, ili ukuta wa tumbo usiachie na utumbo ukajitokeza chini ya ngozi. Akikohoa akumbatie mto juu ya mshono. Mkeka wa chini una taabu kwake. Apewe kitanda, na akitaka kuinuka ageuke ubavu kwanza, ateremshe miguu, kisha ajisukume kwa mkono.

Chakula kinazua ugomvi kuliko dawa, kwa kuwa kila shangazi ana dawa yake ya kumnenepesha mgonjwa. Utumbo ulioungwa karibuni hauhitaji karamu. Wali laini, viazi vya kuchemsha, samaki asiye na miiba, mayai na uji uliochujwa vinamtosha, kidogo kidogo mara 5 au 6 kwa siku, na kutafuna sana. Mahindi ya kuchoma, bisi, karanga, chicha za nazi, nyuzi za machungwa na nyama ngumu ya mshikaki vingoje, kwa kuwa vyaweza kukwama pale penye maungio au kwenye tundu. Pilipili na achari kila mtu na tumbo lake. Habasoda na miti shamba asipewe mpaka daktari ajue ni nini na ni kiasi gani, hata aliyeileta akiwa mtu mzima wa kuheshimiwa.

Mwenye tundu la utumbo mwembamba ana jambo jingine. Utumbo mpana, ambao kazi yake ni kufyonza maji, chakula hakiufikii tena. Kwa hiyo hupoteza maji na chumvi mchana na usiku, na joto la Mombasa huongeza. Watu humhimiza anywe maji matupu, naye hunywa, na mfuko ukazidi kujaa, kwa sababu maji matupu yakizidi huvuta chumvi ya mwili ikatoka nayo. Awe na paketi za chumvi ya kuharisha za dukani kwa dawa. Zikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi na kichwa kikizunguka, jambo hilo si la kungoja asubuhi.

Yasiyongoja mengine ni haya: homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, kutapika na tumbo kujaa, mfuko kukaa saa nyingi bila kuingia kitu huku tumbo likisokota, mshono kutoa usaha, mguu mmoja kuvimba. Nyama ya tundu yapasa iwe nyekundu na yenye unyevu kama ndani ya mdomo. Ikigeuka nyeusi, hospitali mara moja. Na aliyeondolewa mwisho wa utumbo mwembamba aulize kuhusu vitamini B12, kwa kuwa ndipo inapofyonzwa. Wengi huhitaji sindano zake maisha yote, na upungufu wake huja pole pole, mtu akadhani ni uvivu au ni uzee.

Tuje kwenye swala, iliyomliza dada yetu. Wanaosoma Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, wataikumbuka mas-ala moja katika mlango wa yanayotengua udhu: mtu ambaye njia yake ya kawaida imezibika, ukafunguka mlango mwingine chini ya tumbo la chakula, kikatoka humo kile kilichokuwa kikitoka kule. Wanafunzi wengi hudhani ni mas-ala ya kufikirika, wakaipita mbio. Hukumu yake ni kwamba kitokacho hutengua udhu, na hapo ndipo maneno yalipoishia. Miaka mia saba na zaidi iliyopita mwanachuoni aliuliza udhu wa mtu huyu unakwendaje. Hakuuliza kama ataswali.

Na ikiwa kitokacho hakina saa maalumu, mgonjwa huingia katika hukumu ya wenye udhuru. Asili yake ni Bi Fatima binti Abi Hubaysh, aliyekuwa akitokwa na damu isiyokoma, akamuuliza Mtume (S.A.W.) kama aiache swala. Akajibiwa kuwa ile ni damu ya mshipa wala si hedhi, aiache swala kwa kadiri ya siku za hedhi yake tu, kisha aswali. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, utaratibu ni huu: wakati wa swala uingie, aumwage mfuko, aoshe kilichogusa ngozi au nguo, ahakikishe mfuko umeshika vyema, atawadhe, kisha aswali bila kukawia. Udhu mmoja ni wa faradhi moja, na sunna kadiri apendavyo. Kitakachotoka baada ya hapo amesamehewa, wala mfuko alio nao haumharibii swala. Mwenye kujua kuwa tundu lake hutulia kwa muda utoshao udhu na swala ndani ya wakati, auchague muda huo. Josho la wajibu alipange siku ya kubadilisha mfuko, ili maji yafike kwenye ngozi yote. Na akiwa amekatazwa na tabibu kuutia maji mshono, kuna hukumu ya bendeji na tayamamu, amuulize mwalimu aliye karibu naye.

Kusujudu juma la pili baada ya kupasuliwa si ushujaa. Imrani bin Huswayni alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (S.A.W.) ataswali vipi, akaambiwa aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Tazama kuwa ugonjwa ulioleta ruhusa hiyo, ambayo umma mzima waitumia, ni ugonjwa wa pahala ambapo watu huona haya kupataja.

Katika Ramadhani, mwenye tundu la utumbo mwembamba asifunge mpaka azungumze na daktari anayemtibu. Anayetarajiwa kupata nguvu atalipa siku zake baadaye. Ambaye tabibu amesema hataweza tena, atoe kibaba cha chakula kwa kila siku, na asisukumwe na maneno ya jirani aliyemwona akinywa maji mchana.

La mwisho ni la chumbani, na akina mama huliuliza kwa kuzunguka sana. Mke mwenye mfuko ni mke. Baada ya mshono kupona na daktari kutoa ruhusa hapana kizuizi; mfuko humwagwa kabla, hufunikwa kwa kitambaa kizuri, na yatosha. Wengi wamebeba mimba na kuzaa baada ya upasuaji huu, lakini hilo lipangwe na daktari, kwa kuwa baadhi ya dawa hazifai kwa mimba.

Mume naye anayo kazi. Aende akasimame kando ya muuguzi kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka, aone ngozi inavyosafishwa kwa maji ya vuguvugu na kukaushwa bila kusuguliwa, na gundi ya mfuko inavyokatwa kwa mkasi kulingana na kipimo cha tundu. Ikikatwa pana, choo hugusa ngozi na kuichoma, kisha mfuko haushiki tena. Tundu hunywea katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo, kwa hiyo lipimwe upya kila mfuko unapobadilishwa. Na aulize siku hiyo hiyo mifuko inapatikana wapi, kwa bei gani, na bima inalipa mingapi kwa mwezi.