Kwa Nini Mwalimu Afikirie Kuacha Kazi



Mzazi anayeletewa barua ya shule kwamba mwalimu wa hesabu ameondoka katikati ya mwaka hujiuliza: je, ni mshahara tu? Mshahara umo, hatukatai. Lakini sisi tulioshika chaki kwa miaka mingi tunaona chanzo kingine, kilichodhihirika pale masomo yalipohamishwa kutoka darasani hadi majumbani.

Shule za Uingereza zilifungwa tarehe 20 Machi, 2020, isipokuwa kwa watoto wa wafanyakazi wa huduma muhimu na wale waliohitaji uangalizi maalumu. Mwalimu akatakiwa kuwasomesha waliopo mbele yake na papo hapo kuwapelekea masomo kwa kompyuta waliobaki nyumbani. Tarehe 4 Januari, 2021, shule nyingi za msingi za England zilifunguliwa kwa siku moja tu. Jioni ile ile Waziri Mkuu Boris Johnson akatangaza zifungwe tena. Matayarisho ya muhula mzima yakapinduliwa usiku mmoja. Mitihani nayo ilifutwa miaka yote miwili, walimu wakaambiwa wakadirie alama, huku lawama za wazazi zikiwangoja.

Hayo mwalimu huweza kuyastahimili. Linalomvunja moyo hasa, kwa maoni yetu, ni kufundisha pasipo kuona nyuso. Darasani humtazama mtoto machoni, akatambua kuwa somo halijaingia, akalirudia kwa njia nyingine. Mbele ya kioo cha kompyuta chenye majina matupu, hajui nani anasikiliza, nani amelala, wala nani anagombania simu moja na ndugu zake watatu. (Katika nyumba zetu hilo la simu moja si geni.)

La ajabu ni kwamba mwaka 2020 walioacha kazi walipungua. Nani angethubutu kuutupa mshahara wakati ule? Fikra ilikaa moyoni hadi mambo yalipotulia. Katika mwaka wa masomo wa 2021 hadi 2022, karibu walimu 40,000 wa shule za serikali za England waliondoka kwa sababu zisizokuwa za kustaafu.

Kazi nyingi za nyumbani zingali zikiletwa kwa kompyuta hadi leo. Kwa hiyo mwalimu akipiga simu kuuliza habari za mtoto, apokelewe, na aelezwe bila haya iwapo nyumbani hakuna kompyuta wala pembe ya utulivu. Kiingereza kikiwa kizito, shule iombwe mkalimani.