Theluji ya Kilimanjaro Haifuati Baridi

Mwezi wa Julai, mtu akitoka Masasi alfajiri na kupanda hadi Newala, hufika amejikunyata. Newala imeipita Masasi kwa mwinuko wa zaidi ya mita mia mbili, na hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Hapo kuna pia upepo wa kusi usio na kizuizi juu ya uwanda wa Makonde, na ukungu unaotoka bonde la Ruvuma na kusimama ukingoni pale Shimo la Mungu. Ndiyo maana wengi wa huku, wakipanga safari ya Kilimanjaro, hupiga hesabu hii: ikiwa Julai Newala tunavaa sweta, mlima wenyewe utakuwa umefunikwa na theluji; twende Novemba au Desemba wakati wa joto, tukute njia kavu.

Kila hatua ya hesabu hiyo inaeleweka, lakini jibu lake limegeuka juu chini. Julai ni mwezi wa baridi kali kuliko yote kule kileleni na pia ni miongoni mwa miezi mikavu. Novemba kuna joto kidogo zaidi, na theluji mbichi huanguka.

Sababu iko katika jinsi mlima wa Ikweta unavyopata theluji. Ulaya, au hata Lesotho ambako kituo cha Afriski hupokea watelezaji wa theluji kuanzia Juni hadi Agosti, kinachoamua ni msimu wa baridi. Miezi ya joto maji huanguka kama mvua, miezi ya baridi huanguka kama theluji, na mpanga safari huko huuliza baridi itaanza lini. Kilele cha Kibo kule Kilimanjaro, chenye mita 5,895, hakina majira ya namna hiyo. Wastani wa joto la mwaka mzima pale juu ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri, na tofauti kati ya mwezi na mwezi ni ndogo kuliko tofauti kati ya mchana na usiku wa siku moja. Baridi ya kutengeneza theluji iko tayari Januari mpaka Desemba. Kinachokosekana ni maji. Kwa hiyo anayetaka kujua theluji itakuwepo lini aulize habari za mvua.

Na hapo ndipo mtu wa Lukuledi, huku kusini, anapohitaji kalenda nyingine. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inagawa nchi katika sehemu mbili kwa ajili ya utabiri wake. Sisi wa Mtwara na Lindi, pamoja na Ruvuma na mikoa mingine yenye mvua moja kwa mwaka, tumo katika mvua za Msimu, za Novemba hadi Aprili. Kilimanjaro iko upande wa mvua mbili: Vuli, Oktoba hadi Desemba, na Masika, Machi hadi Mei. Katikati ya hizo mbili, Januari na Februari, mawingu ya kaskazini hupungua. Ni wakati uleule ambao barabara zetu za vumbi zinakuwa tope na mito imejaa. Mtu anayeangalia anga la kwao Januari hawezi kuamini kwamba Moshi kunapambazuka kweupe na Kibo inaonekana yote, lakini mara nyingi ndivyo ilivyo.

Masika ndiyo mvua kubwa. Aprili na Mei kilele hupata theluji nyingi kuliko wakati wowote, na njia za upande wa kusini, yaani Machame, Umbwe na Marangu, huloa kuanzia getini. Mvua nyingi zaidi ya mlima huu haianguki juu, huanguka msituni, kwenye mita 2,000 na kitu. Ukishapita msitu hupungua haraka, na kileleni penyewe ni pakavu kiasi kwamba nyanda za juu za Kibo huitwa jangwa la milimani. Kwa hiyo mpandaji wa Aprili huteseka mara mbili, kwanza na matope, kisha na theluji inayofika magotini. Anayelazimika kupanda mwezi huo atafute njia ya Rongai, inayoanzia upande wa kaskazini karibu na mpaka wa Kenya. Mlima wenyewe unaukinga upande huo na mawingu ya kusi.

Juni hadi Oktoba mapema ni kiangazi kirefu. Mwanzoni utakuta mabaki ya theluji ya Masika juu ya ukingo wa kreta, yameganda yakawa magumu. Kufikia Agosti na Septemba mengi yameondoka, na njia ya mwisho ni changarawe na vumbi. Usiku ni mkali, nyuzi 10 chini ya sifuri na zaidi, na upepo huzidisha. Baridi hii isidharauliwe na mtu kwa sababu tu hakuona theluji pichani.

Vuli ina sura nyingine tena. Asubuhi hupambazuka vizuri, mawingu hupanda kutoka msituni kabla ya saa sita mchana, alasiri hunyesha au huanguka theluji, na usiku anga hufunguka. Kiasi chake hutofautiana sana mwaka hadi mwaka, kwa sababu Vuli hutii joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki. Mwaka 2019 na tena 2023 ilikuwa kubwa mno. Miaka mingine hupita kimya. Hivyo kwa safari ya Novemba au Desemba, utabiri wa Vuli ni jambo la kusomwa kabla ya kulipa kianzio.

Ratiba ya usiku wa mwisho nayo imetokana na mwendo huohuo wa siku. Waongozaji huwaamsha watu katika kambi ya Barafu au Kibo karibu na saa sita usiku si kwa ajili ya kuwahi macheo pekee. Saa hizo changarawe imeganda na mguu haurudi nyuma, theluji ni ngumu, mawe yaliyoshikwa na barafu hayajalegea, na mawingu yako chini. Kufikia saa nne asubuhi jua limelainisha kila kitu. Theluji hiyohiyo iliyobeba mguu alfajiri sasa inaumeza. Mwanga wake pia unaweza kuchoma macho hadi mtu asione kwa siku nzima au zaidi, kwa hiyo miwani ya jua iwe kifaa cha lazima. Ukiweza kuchagua, panda wiki ya mwezi mpevu: mwanga wake juu ya theluji unatosha kuona njia.

Kuna jambo moja linaloniumiza kila linaporudi. Picha ya Kibo ikisambaa Septemba ikiwa nyeusi, watu husema barafu imekwisha. Ikija ya Mei ikiwa nyeupe hadi mabegani, husema imerudi. Picha hizo mbili zinaonyesha theluji ya msimu, ambayo huja na kuondoka ndani ya wiki au miezi. Barafu ya kudumu ni kitu kingine, kuta zilizojengeka kwa maelfu ya miaka. Mwaka 1912 ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 2007 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Nyingi yake haikutiririka kama maji. Katika hewa kavu ya kule juu, jua huigeuza barafu kuwa mvuke moja kwa moja. Theluji mpya huikinga kama shati jeupe linavyomkinga mtu juani, na ikikosekana kwa muda mrefu barafu huachwa wazi. Hivyo mvua chache kule juu zimeidhuru kwa namna mbili: haikupata nyongeza, na haikupata kifuniko. Anayetaka kujua hali yake alinganishe picha za mwezi uleule, miaka tofauti.

 

Sasa tuje kwenye mfuko, maana safari hupangwa na pesa kabla ya kupangwa na mawingu. Fedha za korosho huingia minada inapoanza, Oktoba hadi Desemba, katikati ya Vuli. Wengi pia huvutwa na tarehe 9 Desemba, kwa kuwa ndiyo siku Luteni Alexander Nyirenda aliposimamisha bendera ya uhuru na Mwenge kileleni mwaka 1961, na kila mwaka makundi ya Watanzania hupanda kuiadhimisha. Ni siku nzuri na sina neno la kumzuia mtu. Ila ajue anakwenda mwishoni mwa mvua, achukue koti lisilopenya maji, na begi lenye mfuko wa nailoni ndani.

Mwalimu, kwa likizo yake ya katikati ya mwaka, ana bahati: mwishoni mwa Juni Masika imekwisha na theluji iliyobaki ni imara. Mkulima ana uamuzi mgumu zaidi. Julai anapulizia dawa mikorosho na haiwezi kungoja. Januari kuna palizi. Mimi ningemshauri aweke fedha ya minada, apalilie, kisha aondoke mwishoni mwa Januari au mapema Februari, akate tiketi ya Dar es Salaam akiwa ametenga siku ya ziada kwa ajili ya barabara zetu za mvua, na achague ratiba ya siku sita au zaidi badala ya tano. Kileleni hewa ina takriban nusu ya oksijeni ya pwani, na siku hiyo moja ya kuzoea humsaidia mtu kuliko hali yoyote ya anga.