KUACHA KUKU WAKIZURURA BILA YA UANGALIZI: MADHARA YAKE NA NJIA ZA KUYAEPUKA

Ufafanuzi kwa watumishi wa Serikali na wananchi

Kuku wa kienyeji ni mali iliyo karibu mno na mwananchi wa kawaida. Huuzwa pale mtoto wa skuli anapotakiwa madaftari au mgonjwa anapohitaji dawa, na huchinjwa anapofika mgeni wa heshima. Aghalabu ni mali ya mama wa nyumba, ambaye huweza kuitumia kwa haja za kaya bila ya kusubiri msimu wa mavuno. Hata hivyo, ni mali chache mno zinazoachwa zijilinde zenyewe kama hii. Kuku hufunguliwa alfajiri, hawaonekani hadi magharibi, na mwenyewe huijua hesabu yao pale tu inapopungua.

Makala haya yanaeleza madhara ya desturi hiyo na namna ya kuyaepuka, kwa kuchukua mfano wa Makwale, kata iliyomo katika Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Mfano huu umechaguliwa kwa kuwa mazingira ya huko yanafanana na ya shehia nyingi za Unguja na Pemba: nyumba zilizozungukwa na migomba, bustani zisizo na uzio, mpunga mabondeni na mvua za kutosha. Yanayowasibu wafugaji wa huko ndiyo yanayowasibu wa huku, na dawa yake ni moja.

FAIDA YA KUKU KUTEMBEA

Ni vyema ieleweke tangu mwanzo kwamba kuku kutembea si kosa kwa dhati yake. Kuku anayetembea hujitafutia wadudu, mchwa, majani mabichi na punje zilizodondoka, na hivyo kumpunguzia mwenyewe gharama ya chakula. Samadi yake huirutubisha ardhi ya migombani. Kuku wa kienyeji ameumbwa kwa maisha hayo, na kumfungia siku nzima bila ya kumpa chakula kamili ni kumdhoofisha. Hivyo basi, linalojadiliwa hapa ni uangalizi: kuku atoke saa ngapi, aende wapi, na nani ajue hali yake.

MAYAI NA VIFARANGA

Waswahili wamesema kuwa kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Methali hii huchukuliwa kuwa ni maelezo ya bahati mbaya, lakini ikitazamwa kwa makini itabainika kuwa ni orodha ya mambo ambayo mengi yake yanazuilika.

Kuku wengi hutaga kabla ya adhuhuri. Anayefunguliwa alfajiri atatafuta kichaka, na yai lake litakuwa chakula cha kenge, nyoka au nguchiro. Kuku wa kienyeji hutaga mayai baina ya 10 na 15 kwa mzunguko mmoja, kisha huatamia kwa siku 21. Anayeatamia vichakani huweza kupotea pamoja na mayai yake yote kwa usiku mmoja.

Hasara kubwa zaidi ni ya vifaranga. Katika ufugaji wa kuachia, nusu au zaidi ya vifaranga walioanguliwa huweza kufa kabla ya kutimiza wiki nane. Mwewe huwachukua mchana, kicheche usiku, na mvua huwaua kwa baridi wakati wowote. Jambo hili la mwisho lina uzito wa pekee katika Kyela, ambako mvua hupindukia milimita 2,000 kwa mwaka, na ambako mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka milimani na mara kwa mara hufurika mabondeni. Kifaranga aliyelowa hana muda mrefu wa kuishi. Kwa upande wa Visiwani, adui mwengine ni kunguru wa India, ndege aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na ambaye hadi leo hunyakua vifaranga mbele ya macho ya mwenyewe.

MARADHI YA MDONDO

Maradhi yanayomaliza kuku wa kienyeji kuliko mengine yote ni mdondo, ambao pia huitwa kideri. Maradhi haya yalitambuliwa mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza. Husababishwa na virusi, na hayana tiba. Kuku huzubaa, hushusha mbawa, huhara kinyesi cha kijani, hupumua kwa shida, na baadhi yao hupinda shingo au kupooza. Kundi lisilopata chanjo huweza kuteketea lote kwa siku chache.

Hapa ndipo uzururaji unapokuwa si jambo la mtu mmoja. Virusi vya mdondo hutoka katika kinyesi, mate na makamasi ya kuku mgonjwa. Kuku wa nyumba tano wanaokutana katika jaa moja na kunywa katika dimbwi moja ni kundi moja mbele ya maradhi, ingawa wana wenyewe watano. Ikiwa mmoja wa wenyewe hao amechanja na wanne hawakuchanja, maradhi yataendelea kuzunguka baina ya nyumba hizo, na kila kifaranga kipya atakayeanguliwa atakuwa hatarini.

Yapo makosa mengine mawili yanayoeneza mdondo kwa haraka. La kwanza ni kuwauza upesi kuku waliosalia mara wenzao wanapoanza kufa, kwani kuku hao huyabeba maradhi hadi sokoni na kutoka huko hadi vijiji vingine. La pili ni kutupa mizoga vichakani, mitaroni au mtoni, ambako mbwa huiburura na maji huipeleka mbali. Mizoga ifukiwe katika shimo refu au ichomwe moto.

Kinga ipo, na inapatikana nchini. Chanjo ijulikanayo kwa jina la I-2 hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Sifa yake kuu ni kustahimili joto kuliko chanjo za zamani, na kwa ajili hiyo inafaa vijijini, ili mradi isipigwe na jua. Kila kuku, mkubwa kwa mdogo, hutiwa tone moja katika jicho moja, na kazi hiyo hurudiwa kila baada ya miezi 3. Ikumbukwe kuwa chanjo haiponyi kuku aliyekwisha ugua, na kwamba kinga huhitaji wiki moja hadi mbili ili kujengeka. Kuchanja wakati kuku wa jirani wameshaanza kufa ni kuchelewa. Aidha, kichupa kimoja kina dozi za kuku mia moja au zaidi, ilhali kaya nyingi zina kuku wachache kuliko idadi hiyo. Majirani wakichangia kichupa kimoja na kuchanja siku moja, gharama huwa ndogo kwa kila kaya na kinga huwa ya kitongoji kizima.

MAZAO NA UJIRANI

Katika Kyela, mpunga, kakao na ndizi ndiyo mazao yanayotegemewa. Mbegu ya mpunga iliyomwagwa kitaluni ni chakula cha kuku kabla ya kuwa mche. Kuku kumi wakiingia humo asubuhi moja huweza kuvuruga kazi ya wiki nzima, na mkulima aliyechelewa kupanda upya huenda akapitwa na mvua. Baada ya mavuno, mpunga huanikwa juu ya mikeka na maturubai, na kuku hula, hukanyaga na kuacha kinyesi. Kakao nayo huvundikwa kwa siku kadhaa kisha huanikwa. Ikichafuliwa, hupoteza ubora wake sokoni. Tena punje za kakao zina kemikali inayowadhuru kuku wenyewe, na hivyo hasara huwa ya pande mbili. Kuanika kakao juu ya vichanja vilivyoinuliwa, kama inavyoelekezwa na wataalamu wa kilimo, huondoa sehemu kubwa ya ugomvi huo.

Magomvi ya kuku huanza kwa maneno madogo na huishia kwa majirani kutosalimiana. Baya zaidi ni pale mwenye bustani anapotega nafaka yenye sumu. Kitendo hicho hakikubaliki kwa hali yoyote ile. Kuku aliyekula sumu huweza kuchinjwa na kuliwa na watoto kabla ya yeyote kujua sababu ya kuzubaa kwake. Kadhalika, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, inahesabu kumuua au kumjeruhi kwa makusudi na bila ya haki mnyama wa mtu mwengine kuwa ni kosa la jinai. Aliyeharibiwa mazao hapaswi kuligeuza dai lake la haki kuwa kosa lake mwenyewe.

AFYA YA NYUMBA

Kinyesi cha kuku kina vijidudu viletavyo kuhara kwa binadamu, na wanaoathirika kwanza ni watoto wanaotambaa uani na kutia mikono kinywani. Kuku wasiingie jikoni wala wasilale chumba kimoja na watu. Visima vifunikwe, khasa wakati wa masika, kwani mvua husomba uchafu wa uani hadi majini. Kila anayewahudumia kuku anawe mikono kwa sabuni.

UTARATIBU UNAOFAA

Kwa kuzingatia yaliyoelezwa, kaya inayofuga kuku wa kienyeji inashauriwa kufuata utaratibu huu:

(a) Kuwe na banda la kulala lililoinuliwa juu ya ardhi ili maji na kicheche visifike. Mianzi na mbao za kawaida zinatosha. Mita moja ya mraba inafaa kwa kuku wakubwa 5 hadi 8. Banda lifagiliwe, na samadi ipelekwe shambani.

(b) Kuku wafunguliwe baada ya wengi wao kutaga, yaani kiasi cha saa nne asubuhi, na warejeshwe kabla ya giza. Viota viwemo ndani ya banda. Kabla ya kufunguliwa wapewe maji safi na chakula kidogo, kama vile pumba za mpunga na mabaki ya jikoni, ili wasitoke na njaa ya kuvamia bustani.

(c) Vifaranga wakae ndani ya tenga au banda dogo pamoja na mama yao kwa wiki tatu hadi nne za mwanzo, wakipewa chakula na maji, na wakingwe na mvua.

(d) Wakati wa vitalu na wakati wa kuanika mavuno, kuku wafungiwe kwa saa zote za hatari na walishwe bandani. Kwa bustani ya mboga, ni nafuu zaidi kuizungushia uzio wa mianzi au matete kuliko kumkimbiza kuku kila siku. Gharama ya uzio huo majirani waelewane.

(e) Kuku mpya atengwe kwa siku 14 kabla ya kuchanganywa na wengine. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba hiyo ina faida ya kinga pia, kwani humpa mwenyewe muda wa kumtazama kama ni mzima.

(f) Kuku wahesabiwe kila jioni. Hesabu ndiyo dalili ya kwanza ya mwizi, mnyama mkali au maradhi.

WAJIBU WA VIONGOZI NA WATUMISHI

Utaratibu wa kaya moja hautoshi iwapo kaya ya pili haikuufuata. Kwa sababu hiyo, mwenyekiti wa kitongoji na serikali ya kijiji, na kwa upande wa Visiwani Sheha na kamati yake, wana nafasi ya kuwakutanisha wafugaji, kupanga siku moja ya chanjo na kumwalika ofisa mifugo. Kwa upande wa Bara, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inaziwezesha halmashauri na vijiji kutunga sheria ndogo, zikiwemo za mifugo inayozurura. Hata hivyo, sheria ndogo iliyokubaliwa mkutanoni na kueleweka hufuatwa kwa wepesi zaidi kuliko ile inayojulikana siku ya faini.

Vifo vya kuku wengi kwa wakati mmoja viripotiwe mara moja kwa ofisa mifugo aliye karibu. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003 inahusika na udhibiti wa maradhi hayo Tanzania Bara. Mfugaji asione aibu wala asichelewe kutoa taarifa kwa tamaa ya kuuza waliobaki. Tahadhari hiyo ina umuhimu zaidi kwa wakaazi wa kandokando ya maziwa na bahari, ambako ndege wa porini hutua kwa wingi: mwezi wa Januari 2017 mafua ya ndege yalithibitishwa nchini Uganda, kwa ndege wa porini waliokuwa kando ya Ziwa Victoria na pia kwa ndege wafugwao.

Watumishi wa Serikali wanaofuga kuku katika nyumba zao wanatarajiwa kuwa mfano. Ofisa anayewaelekeza wananchi kuchanja, ilhali kuku wake mwenyewe wanashinda katika bustani ya jirani, atakuwa amejinyima hoja.

Alhasili, kuku anayetembea bila ya uangalizi hutoka katika milki ya mwenyewe na kuingia katika shughuli za kitongoji kizima: hula mbegu ya huyu, hubeba maradhi ya yule, na hasara yake hugawanywa kwa wasiohusika. Wananchi wanaombwa kupanga saa za kufungua kuku wao, kuwachanja kwa pamoja na kuelewana na majirani kabla ya msimu wa vitalu. Kwa maelezo zaidi, kila mfugaji anashauriwa kumwona ofisa mifugo wa kata au shehia yake.