Mtihani wa Novemba: Tufanye Mwaka Huu au Tusubiri?

Kila mwaka unapoanza, swali hili huzikabili familia zenye kijana aliyekosa alama za kumpeleka kidato cha tano, nasi tunalielekeza kwa ndugu zetu wa Kiloleli, mkoani Simiyu: ajisajili sasa kuwa mtahiniwa wa kujitegemea, au asubiri mwaka ujao? Usajili wa Baraza la Mitihani la Tanzania hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka, na mtihani huja Novemba. Kwa wakulima wa pamba, Novemba ndio mwezi wa kutia mbegu ardhini. Kalamu na jembe humwita kijana siku zile zile.

Kusubiri si aibu, lakini kuwe na sababu inayojulikana. Kidato cha tano hudai alama ya C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu, na masomo ya dini hayamo katika hesabu hiyo. Basi kabla ya kulipa ada, kijana apewe mitihani ya miaka iliyopita, aifanye kwa saa bila kusaidiwa, na mwalimu aisahihishe. Akikaribia C katika masomo mawili, na la tatu likihitaji jitihada, miezi iliyobaki yaweza kumtosha. Akiwa mbali katika yote, wala hana mwalimu wala saa za kusoma, ada hiyo ni afadhali itumike kumtafutia mwalimu.

Anayeahirisha na aweke tarehe. Mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, mtihani wa kidato cha sita uliokuwa ufanyike Mei uliahirishwa. Wanafunzi wakarejea shuleni Juni 1, wakaanza mtihani Juni 29. Sababu ilikuwa wazi, na siku ya kurejea ikatajwa. Nyumbani pia, neno "mwakani" halitoshi. Tuandike ni mwezi gani atajisajili, atasoma masomo yapi, nani atalipa, na siku zipi hatapelekwa shambani.

Kwa binti tuzidishe uangalifu. Mwaka wa kungoja hujaa upesi kazi za nyumbani na posa, na mtihani ukasahaulika bila yeyote kutamka kwamba umeachwa. Mzazi anayemwambia bintiye asubiri amebeba ahadi mbele ya Mwenyezi Mungu, na ahadi ni deni.

Uamuzi huu usiwe wa baba peke yake. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, wazazi wameelekezwa kuridhiana na kushauriana hata katika kumwachisha mtoto ziwa. Ikiwa jambo la kunyonya lina mashauriano, mustakabali wa kijana unastahiki zaidi, naye mwenyewe asikizwe, kwani ndiye atakayeketi chumba cha mtihani. Baada ya ushauri, aswali rakaa mbili za istikhara, kisha ashike njia aliyoichagua kwa bidii. Istikhara haichukui nafasi ya kusoma, wala isingojewe ndoto ndipo fomu ijazwe.

Mazungumzo haya yafanyike kabla usajili haujafungwa. Yakingoja hadi Oktoba, ada imekwisha kulipwa na hofu ndiyo itakayoamua.

Mwenyezi Mungu awaruzuku vijana wetu elimu yenye manufaa. Amin.